Tumbo Likiamka, Ulizeni Dawa Kabla ya Chakula

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mtu akitoka chooni mara ya tatu kabla umande haujakauka, swali linalompokea ni moja: "Umekula nini jana?" Mama mkwe huliuliza akiwa bado anamenya ndizi. Jirani huliuliza akikatiza kibanjani. Muuzaji wa duka la dawa naye huanza na hilo hilo. Novemba na Desemba, senene wanapozifuata taa za mji, lawama zote huwaendea senene. Msimu ukipita, zamu huwa ya maharage, ya dagaa, ya maziwa ya mgando, ya rubisi iliyonywewa kwenye sherehe. Mgonjwa mwenyewe huishia kuamini kwamba kuna chakula kimoja kinachomwandama, na kwamba siku atakayokigundua ndiyo siku atakayopona.

Kwa mtu aliyevurugikiwa na tumbo siku moja, swali hilo halina kosa. Kosa huanza linapoulizwa, na kurudiwa, kwa mtu ambaye daktari ameshamwambia kwamba ana ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, ule unaotulia miezi kadhaa kisha ukaamka na damu, maumivu na kuharisha usiku kucha. Kwa huyo, "umekula nini" ni swali la nne. La kwanza linapaswa kuwa, "Dawa zako zipo?" La pili, "Umemeza kidonge gani cha maumivu?" La tatu, "Umepimwa choo?" Familia inayoanza na chakula hupoteza wiki nzima ikibadilisha mboga, huku utumbo ukiendelea kuchubuka.

Ugonjwa uliodhaniwa si wa huku

Ugonjwa huu una sura kuu mbili. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana hadi karibu na njia ya haja kubwa. Utando wa ndani huvimba, huchubuka na kutoa damu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huu unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi mwisho wa njia ya chakula, na huingia ndani ya ukuta wa utumbo hata kuubana au kuutoboa. Katika sura zote mbili, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utumbo wa mwenyewe. Hauambukizi. Hautokani na kurogwa. Wala si vile vidonda vya tumbo ambavyo kila mtaa una anayeviugua, ingawa ni rahisi mgonjwa kuzunguka muda mrefu na dawa za kupunguza asidi kabla mtu hajafikiria kutazama utumbo mpana.

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba Waafrika hawaupati. Hoja hiyo ilipewa nguvu na mtu aliyefanya kazi jirani kabisa: Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira, kisha Mulago mjini Kampala, ukingo wa kaskazini wa Ziwa Victoria hili hili. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa haba kwa wanavijiji waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Waliona vizuri, na mchango wao ni mkubwa. Lakini haba si sawa na hakuna. Mwaka 1966 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya madaktari Billinghurst na Welchman kuhusu Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne tu, ila walitosha kuonyesha kwamba ngozi nyeusi si kinga.

Hali ya dunia nayo imebadilika. Amerika Kaskazini na nchi nyingi za Ulaya zina zaidi ya wagonjwa 3 kwa kila watu 1,000. Huko idadi ya wagonjwa wapya imeanza kutulia, lakini tangu mwaka 1990 imekuwa ikipanda katika nchi zilizobadilisha haraka namna ya kula na kuishi, Brazil na Taiwan zikiwa miongoni mwao. Bukoba ya leo, yenye soseji za kukaanga kila kona na soda kwenye kila duka la Kashai na Hamugembe, si ile ya ndizi, maharage na samaki tu. Kwa nini ugonjwa huu upite pembeni?

Kinachoufanya uwe mgumu kutambulika Kagera ni wenzake wanaofanana nao. Mtu anayehara damu kando ya Ziwa Victoria huenda ana amiba, huenda ana bakteria, au ana kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Wavuvi wa Kemondo na wa visiwa vya Muleba, kama Goziba, Kerebe, Bumbire na Ikuza, hawawezi kukwepa maji hayo, maana ndiyo shamba lao. Kifua kikuu cha tumbo nacho hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa. Kukosea hapa kuna gharama kubwa: dawa zinazotuliza kinga ya mwili, akipewa mtu mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, humfungulia kifua kikuu mlango. Kwa hiyo jibu haliwezi kutolewa kwa kubonyeza tumbo peke yake. Choo kipimwe, kisha mgonjwa apigwe kamera ya utumbo mpana na kinyama kidogo kikatwe kwa uchunguzi. Kwa wengi wa Kagera hiyo ina maana ya rufaa, na hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza.

Mwenye kovu usidhani kapoa

Waliosema "mwenye kovu usidhani kapoa" hawakuwa wakifikiria utumbo, lakini hakuna methali inayoueleza ugonjwa huu vizuri kuliko hiyo. Damu ikikoma, usingizi ukirudi, shati likianza kujaa tena mabegani, mgonjwa na ndugu zake hudhani yamekwisha. Kumbe kilichotulia kimetulizwa na dawa, na dawa ikiondoka nacho huinuka.

Dawa za kulinda utulivu ni za kumezwa na mtu anayejisikia mzima. Ya zamani zaidi ni salfasalazini, iliyobuniwa na daktari Nanna Svartz wa Sweden kati ya miaka ya mwisho ya 1930 na mwanzo wa 1940. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zimefuata mesalazini, azathioprini na nyingine za gharama kubwa zaidi. Utafiti mmoja uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 99 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia. Kwa waliomeza dawa ipasavyo, uwezekano wa kubaki katika utulivu ulikuwa asilimia 89. Kwa walioruka dozi mara kwa mara, asilimia 39. Hatari ya ugonjwa kuamka iliongezeka zaidi ya mara tano. Nani amewahi kuonyesha kwamba kuacha maharage kunaleta tofauti ya ukubwa huo?

Sasa achukuliwe mkulima wa Kamachumu, mama wa watoto wanne, ambaye tumbo lake limetulia tangu Septemba. Fedha za kahawa zilizoingia katikati ya mwaka zimekwisha. Januari imefika na ada na sare za shule. Vidonge vyake vimebaki vya siku tatu, na vingine havipatikani kijijini. Ni nauli ya kwenda Bukoba, foleni, na huenda aambiwe dawa hiyo akanunue nje. Anajitazama: haumwi popote. Anaamua kusubiri mwezi ujao. Uamuzi huo hautokani na ujinga wala uzembe. Mama yeyote mwenye shilingi chache na watoto wanne angeufanya.

Tatizo ni kwamba ugonjwa hauamki kesho yake. Unaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kisha siku moja ukatoka na damu. Siku hiyo mama huyu alikula nini? Labda dagaa. Basi dagaa wanahukumiwa, na dawa iliyokosekana tangu Januari haitajwi na mtu. Hapa ndipo chakula kinapopata lawama isiyo yake: mtu hula kila siku, kwa hiyo siku yoyote ugonjwa utakapoamka, lazima kuna chakula kilichotangulia. Kuacha dawa kuko mbali nyuma, na kumbukumbu za nyumbani hazifiki huko.

Prednisoloni inahitaji neno lake. Ni dawa ya kuzima mlipuko, na huzima kweli. Ndiyo maana wengi huipenda na kutaka kuitumia kila wanapohisi dalili. Haifai kwa ulinzi wa muda mrefu. Ikitumiwa miezi mingi huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na ikikatwa ghafla baada ya kutumiwa kwa wiki nyingi huweza kumwangusha mtu, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Wale wanaomwambia mgonjwa "umenenepa siku hizi" wajue kwamba wakati mwingine wanamsukuma kuitupa.

Mimba nayo ni njia panda ambapo dawa nyingi huachwa. Shangazi humwonya binti asimeze "madawa makali" akiwa mjamzito, kwa nia njema kabisa. Lakini kwa mjamzito na mtoto, ugonjwa ulioamka mara nyingi ni hatari zaidi kuliko dawa hizo. Salfasalazini inaweza kuendelea pamoja na foliki asidi. Methotreksati hairuhusiwi kabisa. Kwa upande wa wanaume, salfasalazini inaweza kupunguza idadi ya mbegu, na hali hiyo huondoka dawa ikibadilishwa. Mume anayetafuta mtoto na ambaye hakuelezwa hilo akija kulisikia mtaani, ataacha dawa kimyakimya. Akielezwa mapema, daktari atambadilishia na ndoa itabaki na amani yake.

Mkoa uliokwishajifunza

Kuna anayesema kumeza dawa kila siku kwa miaka ni jambo lisilowezekana kijijini. Asemaye hivyo ameisahau Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Hakuna ukoo ambao haukuzika. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu wa mkoa huu walijifunza somo ambalo sehemu nyingi za dunia hazijalijua kwa kina hicho: kwamba mtu anaweza kuonekana mzima, akalima, akazaa, akacheza ngoma harusini, na bado uzima huo ukawa umeshikiliwa na kidonge cha jana usiku.

Somo hilo lilifanikiwa kwa sababu ya mpangilio. Dawa ziliwasogelea watu, kliniki ya UKIMWI (CTC) ikawa na tarehe ya kila mtu, asiyefika akatafutwa, na bei ikaondolewa njiani. Mgonjwa wa kolaitisi hana lolote kati ya hayo. Ni mmoja mmoja, ametawanyika, hana kliniki yenye jina lake. Hata jina la ugonjwa wake ndugu hawawezi kulitamka. Nidhamu ya kumeza dawa imo tayari ndani ya familia za Muleba na Bukoba. Kinachokosekana ni dawa kuwa pale siku ya kuchukuliwa.

Kidonge cha mgongo

Kichochezi cha pili, baada ya kuacha dawa, kinauzwa mchana kweupe. Kulima kwa jembe la mkono, kubeba mikungu ya ndizi kutoka bondeni, kuvuta nyavu usiku kucha, kuendesha bodaboda kutoka Nshamba hadi Muleba mjini, vyote huishia mgongoni na magotini. Dawa ya mgongo inajulikana: diklofenaki. Ikikosekana, ibuprofeni. Zamani, aspirini. Muuzaji huihesabu, huikunja kwenye karatasi, na hakuna anayemuuliza mnunuzi kama ana ugonjwa wa utumbo.

Dawa za kundi hilo huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na utumbo. Kwa mtu mwenye kolaitisi au Crohn, kizuizi hicho kinaweza kuamsha kilicholala. Watafiti walioeleza matokeo yao mwaka 2006 waliwapa wagonjwa waliokuwa wametulia dawa mbalimbali za maumivu. Kwa waliotumia zile za kawaida za kundi hili, kati ya asilimia 17 na 28 waliamka ndani ya siku 9. Waliopewa paracetamol hawakuamka. Siku tisa tu! Hata mtu mwenye kumbukumbu fupi anaweza kurudi nyuma siku tisa na kumtambua aliyemchokoza.

Si kila mgonjwa atakayemeza diklofenaki mara moja ataharibikiwa, na mwenye ugonjwa wa moyo aliyeandikiwa aspirini ndogo ya kila siku asiiache bila kumwona daktari wake. Lakini kwa maumivu na homa za kawaida, paracetamol ndiyo ya kushika kwanza. Homa zenyewe ziko nyingi. Muleba inaijua malaria kiasi kwamba ni katika wilaya hiyo vilikojaribiwa vyandarua vyenye kemikali ya PBO, matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet na kusaidia kubadili ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Mahali penye homa nyingi pana vidonge vingi, na mwenye utumbo mgonjwa anahitaji kujua kipi ni chake. Muuzaji wa duka la dawa akiongeza swali moja tu kabla ya kufungasha, "Una ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu?", ataokoa watu ambao hatawajua.

Maji, vijidudu na antibiotiki

Maambukizi ya utumbo huweza kuamsha ugonjwa uliotulia, na huweza pia kujifanya ndio ugonjwa wenyewe. Salmonela na bakteria wengine wa kuharisha hawachagui. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Mvua ikizidi na Mto Kanoni ukatoka kwenye kingo zake, maji ya vyoo na maji ya kunywa hukutana. Visiwani, ambako miamba huwafanya watu washindwe hata kuchimba choo cha maana, ziwa ni kisima na ni bafu. Kwa nyumba yenye mgonjwa huyu, maji ya kuchemsha na sabuni karibu na choo ni sehemu ya matibabu yake sawa na salfasalazini.

Kinachofuata baada ya kuharisha ndicho kinacholeta utata. Mtu hana haja ya cheti kupata metronidazoli au siprofloksasini. Huomba kwa jina, hupewa nusu dozi kwa kadiri ya mfuko wake. Akimeza bila kupimwa, mambo matatu huweza kutokea. Kama ilikuwa amiba, huenda akapona. Kama ni kolaitisi iliyoamka, anapoteza siku. Na kwa wengine, antibiotiki huua bakteria wema wa utumbo na kumwachia nafasi bakteria aitwaye Klostridiamu difisile, ambaye sumu yake huharisha vibaya na huwapiga wagonjwa hawa kwa nguvu kuliko watu wengine. Kupima choo kabla ya kumeza ni busara ya bei ndogo kuliko safari ya Mwanza.

Omubilizi na majani mengine machungu yana heshima yake katika mji wa Mhaya, na hakuna haja ya kumtukana bibi anayeyachemsha. Hatari inaingia pale kikombe kinapochukua nafasi ya kidonge. Mgonjwa aseme wazi kliniki anachokunywa, na mhudumu amsikilize bila kumgombeza, maana mgonjwa akigombezwa leo, kesho atanyamaza.

Chakula nacho kina sehemu yake

Itakuwa uongo kusema chakula hakihusiki kabisa. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuata wagonjwa 191 wa kolaitisi iliyotulia. Waliokula nyama nyingi, hasa nyekundu na za viwandani, na waliokunywa pombe nyingi, waliamka zaidi. Ukiishia hapo, utamnyang'anya mgonjwa kila kipande cha nyama. Lakini mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani, ambapo wagonjwa wa Crohn waliotulia waligawanywa: wengine wale nyama nyekundu angalau mara mbili kwa wiki, wengine wasizidi mara moja kwa mwezi. Tofauti ya kuamka kwa ugonjwa haikuonekana. Ushahidi wa chakula ndivyo ulivyo: huku unavuta, huku unaachia, na hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Vitu viwili hapa huchanganywa. Maharage hujaza gesi tumbo la karibu kila mtu. Maziwa huwaharisha watu wazima wengi wasio na ugonjwa wowote, kwa kuwa miili yao haisagi sukari iliyomo. Hayo ni mateso ya kweli, ila hayana maana kwamba utumbo umeanza kuchubuka upya. Mgonjwa anayeandika kwenye daftari anachokula na anavyojisikia anaweza kujua vinavyomsumbua yeye, akavipunguza. Aliyeambiwa kwamba utumbo wake umebanwa na Crohn anapaswa kuwa mwangalifu na vyakula vya kambakamba na vigumu kusagika, hasa siku ugonjwa umeamka. Zaidi ya hapo, katazo la jumla halina msingi.

Na katazo la jumla linaumiza. Leo anaondolewa maharage, kesho dagaa, keshokutwa maziwa, mayai na nyama, hadi anabaki na ndizi za kuchemsha na chai ya rangi. Mtu huyo anapoteza damu kila siku chooni. Anahitaji madini ya chuma na protini kuliko mwingine yeyote mezani. Dagaa wa Ziwa Victoria, samaki laini, mayai, ndizi zilizoiva, maharage yaliyopikwa hadi kuvurugika kama tumbo lake linayapokea: huo ndio mlo ulio karibu naye na unaoweza kununulika. Kumwekea sufuria yake peke yake pembeni, kwa miezi, pia humtoa kwenye meza ya familia, na mtu aliyetolewa mezani huumwa mara ya pili.

Mshtuko, sigara na usingizi

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Kagera kwa kipimo cha 5.9. Watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, Sekondari ya Ihungo ikabomoka. Wengi walilala nje kwa hofu siku nyingi. Je, mshtuko wa namna hiyo unaweza kufika utumboni? Japani wana jibu. Baada ya tetemeko kubwa la Machi 11, 2011, watafiti wa huko waliwachunguza wagonjwa wao na kukuta kwamba kuamka kwa kolaitisi ya vidonda kuliongezeka baada ya tetemeko, ingawa kwa wagonjwa wa Crohn haikuonekana hivyo. Msiba, madeni, mgogoro wa kibanja, ndoa inayovunjika: haya hayaanzishi ugonjwa, lakini yanaweza kuuamsha, na pia huvuruga usingizi na kumfanya mtu asahau dawa. Mgonjwa anayepita msibani anahitaji mtu wa kumkumbusha kidonge chake kama anavyohitaji wa kumbeba jeneza.

Sigara haina mjadala mrefu. Huufanya ugonjwa wa Crohn kuwa mkali, huongeza upasuaji, na kuacha huleta nafuu inayoonekana. Kwenye kolaitisi ya vidonda jambo ni geni kidogo: wengine huamka baada ya kuacha kuvuta. Hiyo si sababu ya kurudi kwenye sigara, kwa kuwa mapafu na moyo vitalipa zaidi. Ni sababu ya kumwambia daktari kabla ya kuacha, ili dawa ziwe tayari.

Nani anadaiwa nini

Familia zinadaiwa kubadilisha mpangilio wa maswali, na hilo halina gharama. Deni kubwa zaidi liko kwa wanaopanga huduma. Bohari ya Dawa ina kituo Muleba. Wilaya ina hospitali kongwe za makanisa, Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kivuko katika njia ya kwenda Mwanza. Nyumba imeshasimama, kinachotakiwa ni vitu vichache ndani yake. Mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa Bugando asilazimike kurudi huko kila mara kwa ajili ya salfasalazini. Aipate katika hospitali iliyo karibu naye, kwa miezi mitatu kwa mpigo. Cheti chake kieleze kwa Kiswahili dawa za maumivu asizoruhusiwa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa namna ambayo dawa za magonjwa sugu yasiyo na kelele, kama huu, haziachwi nje ya kitita kwa sababu wagonjwa wake ni wachache. Wachache hao hulazwa, huongezewa damu, wengine hukatwa utumbo, na kila moja ya hayo ni ghali kuliko vidonge.

Kwa msomaji mwenye ugonjwa huu, au anayeishi na ndugu mwenye nao: hesabu vidonge leo, na kama vimebaki vya chini ya wiki mbili, anza safari ya kuvitafuta sasa. Na siku choo chenye damu kitakapofika mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au kizunguzungu, usisubiri kujua kilicholiwa jana. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.